Nchi Iliyoizuia Machi

Msiniulize nchi hiyo iko upande gani. Ni kubwa, basi. Hilo ndilo la kwanza wanalokuambia wenyewe, na la mwisho pia. Ukianza safari kwenye mpaka wake mmoja ukautafute wa pili, viatu vitakwisha, utanunua vingine, navyo vitakwisha, na bado utaambiwa hujafika mbali. Watoto wa shule huimba wimbo wa ukubwa kabla hawajafundishwa kusoma. Mgeni akishuka haulizwi za atokako, huulizwa, "Umeuonaje ukubwa wetu?" Na mgeni mwenye adabu hujibu kwamba hajapata kuona ukubwa mkubwa namna ile.

Sasa, nchi ikiwa kubwa hivyo, na joto lake huwa kubwa. Ilifika miaka jua likawa kama limeteremshwa kidogo, kama mtu anayesogeza taa aone vizuri. Mito ikaonyesha mawe yake ya chini, mawe ambayo hata wazee walikuwa hawajayaona. Wataalamu wakaja na mikoba yao, wakasema hewa ya dunia imeharibika, na nchi kubwa lazima zifanye jambo kubwa.

Serikali haikulala, tuseme kweli. Iliunda Wizara ya Hewa Njema. Wizara ikajengewa ghorofa la vioo, na kwa kuwa vioo vinavuta jua, kila chumba kikatiwa mtambo wa baridi, mpaka makarani wakawa wanakwenda kazini na masweta. Kipimajoto cha taifa, ambacho zamani kilining'inizwa uwanjani kila mtu akione, kikahamishiwa humo, ofisini kwa Waziri, kisije kikaharibiwa na jua. Tangu siku hiyo joto la nchi likashuka. Redio ilipotangaza habari hiyo, watu walipiga makofi, ingawa ilibidi kwanza waifute mikono jasho.

Huko mkoani, katika mji uitwao Lumbasi, alikuwako mama mmoja mjane, Bi Mwasiti. Mumewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, na Mungu alimwachia mtoto mmoja tu, mwanamume, Kibwana. Kibwana alikuwa muuza maji. Alikuwa na mkokoteni na madumu yake, akiteka maji Mto Kisombe na kuyapeleka majumbani. Kifua chake hakikuwa kizuri. Pumu ilimshika tangu anatambaa. Lakini alikuwa mcheshi, na mteja akimpenda kwa maneno, bei ya maji huisahau.

Ubaya wake ulikuwa mmoja: alikuwa anasema anachokiona.

Siku moja alipiga simu redioni, katika kipindi kiitwacho Mwananchi Anashukuru.

"Haya msikilizaji wetu wa Lumbasi," mtangazaji akasema, "leo unashukuru nini?"

"Nashukuru kwa kupata laini," Kibwana akajibu, "ila Mto Kisombe umekauka. Nimekwenda na madumu matupu, nimerudi nayo matupu."

"Vizuri sana. Na shukrani yako ni ipi?"

"Ndugu yangu, mto umekauka! Nimesimama katikati yake sasa hivi nikiongea na wewe, na viatu nimevaa."

Askari walimkuta hapohapo katikati ya mto. Hata viatu vyao havikulowa walipomfuata.

Mahakamani ilitundikwa ramani ya nchi, ambayo, kwa sababu ya ukubwa, ilibidi ikunjwe kidogo kwenye kona. Hakimu akauonyesha Mto Kisombe kwa fimbo.

"Mshitakiwa, mstari huu una rangi gani?"

"Buluu, mheshimiwa."

"Na maji, katika nchi yetu, yana rangi gani?"

"Maji ya bomba la mtaani kwetu, mheshimiwa, yana rangi ya chai."

Watu wakacheka, na kicheko hicho wakamwongezea katika makosa. Akaonekana ana hatia ya kukausha mto wa taifa kwa mdomo. Lakini hakimu alikuwa mtu wa huruma. Akavua miwani, akasema, "Wewe bado kijana. Utakaa gerezani mpaka tarehe mosi Machi. Siku hiyo masika huanza. Utatoka, utaenda kusimama ukingoni, uutazame mto umejaa, uone aibu."

Bi Mwasiti alishukuru Mungu pale pale. Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha, Machi haikuwa mbali. Paa la gereza ni bati tupu, halina dari, na ndani hakuna upepo, lakini akajiambia, kifua cha mwanangu kitastahimili mpaka Machi. Kikipita hapo, sijui.

*

Januari ikaja kavu, Februari ikaja kavu zaidi. Siku chache kabla mwezi haujakwisha, mbingu haikuwa na wingu hata la kufutia kioo, na ikatangazwa kwamba Waziri wa Hewa Njema, Mheshimiwa Mwinyipembe, atahutubia taifa. Mjumbe wa mtaa, Mfaume, akatoa redio yake barazani, watu wakajaa. Bi Mwasiti alikaa kwenye jamvi na jirani yake Mama Kidawa, mchoma mihogo, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwa na mlango.

"Ndugu wananchi," Waziri akaanza, "wa mashariki ya mbali, na wa magharibi ya mbali zaidi! Wapo wanaonong'ona kwamba mvua imechelewa. Mimi nikiwa Waziri, nikiwa mtaalamu, na nikiwa mtu mwenye madirisha, nimelichunguza jambo hili. Mvua haikuchelewa! Mvua haijapata kuchelewa katika nchi hii tangu tuwe nchi. Ni Machi, ndugu zangu, inayotaka kuwahi!"

Makofi yakapigwa huko alikokuwa. Mjumbe Mfaume naye akapiga, akawatazama wengine kuona nani hapigi.

"Nawauliza: nani aliyeipa Machi ruhusa ya kuingia katika nchi huru bila mvua yake? Hakuna! Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, kuanzia leo, mwezi wa Machi hautaanza mpaka mvua inyeshe. Na kwa kuwa nchi yetu ni moja, na mwezi wetu ni mmoja, mvua hiyo itahesabika ikinyesha katika uwanja wa Wizara. Nchi nyingine zinapambana na ukame. Sisi tumeumaliza!"

Mama Kidawa akamgusa Bi Mwasiti ubavuni. "Shoga, mimi nilizaliwa Aprili. Mwaka huu sizeeki."

Lakini Bi Mwasiti hakucheka. Alikuwa amekwisha kuelewa, kabla ya watu wote pale barazani, ni mlango gani uliofungwa.

*

Siku ambayo ingekuwa mosi Machi aliamka akaswali, akapika uji wa ulezi, akachukua shati la Kibwana lililopigwa pasi, akaenda gerezani. Langoni alikaa Afande Nyangasa, mtu mzima mwenye kitambi, si mbaya, ila aliamini kila alichoambiwa na mtu mwenye cheo kuliko chake.

"Mwanangu," Bi Mwasiti akasema, "nimekuja kumchukua Kibwana."

"Karibu mama. Hukumu yake mpaka lini?"

"Mosi Machi."

"Na leo tarehe ngapi?"

Bi Mwasiti akahesabu kwa vidole. "Leo ni kesho ya mwisho wa Februari."

"Yaani Februari tena," Afande akasema kwa upole. "Mama, mimi ningekuwa na uwezo ningeinyeshea mwenyewe. Sina. Lete uji nimpelekee, shati rudi nalo lisichakae."

"Kifua chake kinabana, mwanangu. Basi hata daktari amtazame."

"Daktari yupo, tena mzuri sana," Afande akasema, na uso wake ukawaka kwa kuwa na jibu jema. "Huja kila mwanzo wa mwezi."

*

Nchi ikazoea. Watu huzoea. Wakubwa walizoea kwa raha zaidi, maana uchaguzi ulikuwa wa Mei, na Mei sasa ilikuwa mbali kama nyota. Mbunge wa Lumbasi alitoa sadaka ya ng'ombe kuishukuru Februari. Waalimu walioahidiwa kulipwa mwisho wa mwezi waliendelea kuahidiwa. Wajawazito waliotarajia kujifungua Aprili walishauriwa na Wizara wavute subira, na waliokosa subira, watoto wao walisajiliwa kuwa wamewahi. Jumuiya fulani ya mataifa ilimletea Waziri nishani ya shaba, kwa kuwa katika nchi yake, ukitazama takwimu, hakuna mwezi wa mvua uliopita bila mvua.

Huko magharibi kijiji kimoja kilipata manyunyu. Wakatoka nje wanacheza, mwalimu akafuta ubao akaandika Machi kwa herufi kubwa, wengine wakaanza kupanda. Kabla ya adhuhuri yakafika malori ya jeshi. Wakapakiwa wote, wakarudishwa Februari. Mbegu zilifukuliwa, nazo zikarudishwa.

Mwezi mwandamo ndio uliosumbua. Wizara ilimwendea sheikh mkuu, ikamwomba Ramadhani isianze mpaka Machi ianze, kwa ajili ya mshikamano. Sheikh akasema, "Waheshimiwa, mimi siuandamishi. Mimi nautazama tu." Ukaandama. Watu wakafunga, wakafungua, wakala Idi, yote ndani ya Februari, na Serikali ikaruhusu Idi isherehekewe kwa masharti kwamba isihesabiwe. Hivyo Bi Mwasiti, aliyekuwa hana elimu ya kusumbuana na kalenda, alikuwa anajua vizuri ni muda gani umepita, kwa kutazama juu tu.

Akapewa ruhusa ya kumwona mwanawe. Walisimama pande mbili za wavu. Kibwana alikuwa amebaki macho na mabega.

"Unakula?" mama akauliza.

"Nakula mama. Maharage ya Februari."

"Na usingizi?"

"Mchana tunalala chini kwenye saruji, maana juu bati linachemka. Tumejipanga kama dagaa. Mimi nipo karibu na mlango, wamenipa heshima kwa ajili ya kifua." Akacheka, na kicheko kikageuka kuwa kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu kuliko mazungumzo. Kilipomwachia akajifuta mdomo. "Shida mama, pumzi ikiingia humu haitoki. Nayo imefungwa."

"Omba Mungu, mwanangu."

"Naomba. Ila hapa kuomba mvua ni kosa, tunaomba kimoyomoyo. Utaona watu sitini wamekaa kimya wamefumba macho, mkuu wa gereza anafikiri tumetulia."

Bi Mwasiti aliweka kiganja chake kwenye wavu. Kibwana naye akaweka chake. Afande akatazama pembeni, kisha akakohoa kuwaambia wakati umekwisha, na kikohozi chake kilikuwa kizima, cha mtu mwenye afya, na mama aliisikia tofauti yake.

*

Ni kweli, kuomba mvua kulikuwa kosa. Bi Mwasiti alikwenda kwa Mjumbe Mfaume kuomba kibali ili wanawake wa mtaa wakaswali swala ya mvua uwanja wa mnada. Mjumbe alimkaribisha kiti, akamsikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama yangu, unanipa mtihani. Kumwomba Mungu mvua ni kumwambia Mungu kwamba haipo. Ni kuisema Serikali kwa Mungu."

"Mungu haoni kwamba haipo?"

"Kuona anaona. Lakini hajaambiwa rasmi." Mjumbe akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watoto. "Ombeni dua ya shukrani. Hiyo haihitaji kibali. Shukuruni kwa mvua itakayokuja Machi."

Wakaenda uwanjani asubuhi jua limeshapanda, wanawake wengi kuliko alivyotegemea. Waliswali. Kisha, kama inavyofanywa katika swala hiyo tangu mababu, kugeuza nguo ya juu ili Mola aigeuze hali, kila mmoja akaigeuza kanga yake, ndani ikawa nje, na wakarudi majumbani hivyohivyo, maua yamefifia, maandishi yakisomeka kinyume.

Mjumbe Mfaume akawakuta njiani, akasimama.

"Mbona kanga zote nje ndani?"

Bi Mwasiti alikuwa anatafuta neno ambalo si uongo. Mama Kidawa hakutafuta. "Mjumbe nawe! Fasheni hiyo. Mke wa Waziri ndivyo anavyovaa siku hizi. Wewe mkeo hajakwambia?"

Jioni ile mke wa mjumbe alionekana kisimani kanga yake imegeuzwa, na siku ya pili yake wake za wakubwa wote wa Lumbasi. Naam, mji mzima ukawa unaomba mvua na hausemi.

Mvua haikunyesha. Majani ya mihogo ya Mama Kidawa yakajikunja kama vidole vya mtoto mchanga. Ng'ombe wakawa wanalala na hawaamki. Wizara ikatangaza kwamba hawajafa, wanangoja Machi.

*

Halafu ikaja.

Ilikuja mchana, baada ya swala ya adhuhuri, bila upepo wa kuitangulia. Wingu moja jeusi likatanda nchi nzima, na si kazi ndogo kuifunika nchi ile. Matone ya kwanza yalikuwa mazito mpaka vumbi liliruka. Watu wakatoka nje. Watoto ambao walikuwa hawajui mvua wakalia kwa woga. Mama Kidawa akasimama katikati ya njia, mdomo wazi, mikono wazi, anapiga kelele, "Machi! Machi, jamani! Haya sasa, nimezeeka!"

Bi Mwasiti alisujudu hapohapo kwenye tope. Kisha akaingia ndani, akachukua shati, akalifunga kwenye mfuko wa plastiki, akatoka mbio. Mwanamke wa umri ule hakimbii mjini, lakini alikimbia.

Ardhi ilikuwa imekaa kavu muda mrefu mno, ikawa kama sahani, haikunywa. Maji yalipita juu yake yakitafuta pa kwenda, na palipokuwa pa kwenda palikuwa nyumba za watu. Alipofika kona ya mnada yalikuwa kwenye vifundo. Alipofika darajani yalikuwa magotini, na Mto Kisombe, ambao Kibwana alisimama ndani yake na viatu, ulikuwa unapita na milango, na vitanda, na mbuzi, na banda zima la mihogo ambalo Bi Mwasiti alilitambua. Akaita jina la Mama Kidawa mara mbili. Hakuna aliyeitika. Akashika nguzo za daraja, akavuka, huku akisoma kila dua anayoijua.

Gereza liko kilimani, maji hayakulifika. Afande Nyangasa alikuwa kwenye kibanda chake cha lango, redio mezani. Alipomwona akasimama kama anapokea mkubwa.

"Mama! Umekuja na mafuriko yote haya!"

"Imenyesha, mwanangu. Nipe mtoto wangu."

"Imenyesha, hata mimi naiona. Lakini uwanja wa Wizara, mama. Tungoje tangazo, si muda. Kaa hapa usilowe."

"Nimeshalowa," Bi Mwasiti akasema, na hakukaa.

Redio ikakwaruza. Akaja Waziri mwenyewe. Alisema mvua imenyesha katika uwanja wa Wizara, na kwamba gari lake lilikuwa katika uwanja huo na sasa halimo. Afande akaunyoosha mkono kwenye funguo ukutani. Bi Mwasiti alizitazama funguo.

"Ndugu wananchi," Waziri akaendelea, na sauti yake ilikuwa na machozi ya kutosha, "taifa limepata msiba. Mikoa yote ina mafuriko. Lakini Serikali yenu haikulala. Saa hii hii wataalamu wamepekua kumbukumbu za miaka yote, wamegundua jambo ambalo hakuna nchi imepata kuligundua. Mafuriko yetu yote makubwa, ndugu zangu, yametokea Machi! Adui tumemjua! Na sisi hatutamruhusu aingie. Kwa hiyo, kwa usalama wa raia, Machi imefutwa. Imefutwa mwaka huu, na miaka yote ijayo. Kuanzia sasa tunatoka Februari tunaingia Aprili moja kwa moja. Nchi hii haitapata mafuriko tena, kwa kuwa mwezi wake haupo!"

Makofi. Hata siku ile yalipatikana makofi.

Afande aliurudisha mkono wake polepole, kama uliounguzwa.

"Basi tumeshavuka," Bi Mwasiti akasema. "Aprili iko baada ya Machi. Mfungulie."

"Baada ya Machi ipi, mama?"

"Hiyo aliyohukumiwa."

Afande alijitahidi. Ilionekana usoni kwamba anajitahidi, jasho lilimtoka katikati ya baridi ya mvua. "Hukumu inasema atoke mosi Machi. Siku hiyo haikufika, na sasa imesemwa haitafika. Mimi nikimtoa, nitamtoa siku gani? Nikisema Machi, nimeirudisha, na wamesema ndiyo inayoleta mafuriko. Nikisema Aprili, kwenye hukumu yake Aprili haimo." Akafikiri tena, akapata faraja ndogo, akamtolea. "Lakini hakufungwa maisha, mama. Hilo ushukuru."

Ndani ya gereza mvua ilikuwa imeshawaamsha wafungwa. Bati lote lilikuwa linapigwa, na chini ya bati watu walianza kupiga bakuli zao ukutani. Sauti moja nyembamba, iliyokatikakatika, ikapanda juu ya zote.

"Mama! Mama, nimekusikia! Mvua hiyo, mama! Machi hiyo!"

Na wengine wakaipokea. "Machi! Machi! Machi!"

Afande akabadilika rangi. "Mnyamazishe, mama, kwa Mungu mnyamazishe. Neno hilo limefutwa sasa hivi, umelisikia mwenyewe. Mkuu wa gereza yuko hapo nyuma. Akitoka akamkuta analitaja, atamtia chumba cha giza. Hakina dirisha, hakina tundu. Na kifua kile..."

Bi Mwasiti alisimama mbele ya lango. Maji ya paa yalimwangukia kichwani, yakaingia kwenye kanga, yakamteremka mgongoni. Kila tone lilikuwa tone aliloliomba yeye, kwa viganja vyake, alfajiri na magharibi. Akainua uso juu mara moja, midomo yake ikatikisika. Alichomwambia Mola wake ni chao wenyewe. Kisha akasogeza mdomo kwenye upenyo wa lango, akatoa ile sauti aliyokuwa akimbembelezea Kibwana alipokuwa mdogo, kifua kikimbana.

"Kibwana. Nyamaza, mwanangu. Si mvua."

"Mama? Bati linalia!"

"Wanaliosha. Wamepanda watu na ndoo, wanaliosha. Huku nje jua tupu, kavu kabisa. Usipige kelele, utauharibu moyo wako bure. Waambie na wenzio."

Afande Nyangasa alivua kofia yake. Alimtazama kwa heshima ambayo raia hajapata kuipata pale langoni.

"Mama," akasema taratibu, "wewe ungefaa wizarani."

Sikio la Bi Mwasiti lilikuwa kwenye lango. Ndani bakuli zikanyamaza, moja, halafu nyingine, halafu zote, ikabaki mvua peke yake juu ya bati. Kibwana akakohoa kwa muda mrefu. Kisha akajibu, kwa adabu ileile aliyomlea nayo.

"Haya, mama."